Oscar, Carlik na Daftari Ambalo Isiolo Hatuna

Usiku wa tarehe 20 Julai 2024, mwendo wa saa nne, tulikuwa tumejazana kwenye duka moja hapa Bula Pesa ambalo mwenyewe ana runinga kubwa na roho safi. Kule London, Sudan Kusini ilikuwa inacheza na Marekani mechi ya kujipima nguvu kabla ya Olimpiki ya Paris. Wote tulijua tutachapwa. Nasema "tutachapwa" kwa sababu usiku ule Isiolo nzima ilikuwa Sudan Kusini: Mborana, Mturkana, Msomali, Mmeru, sote timu moja.

Kufikia mapumziko tulikuwa mbele 58-44. Mwenye duka akaacha kabisa kuuza. Mtu akiitisha maziwa anaambiwa angoja. Mwishowe LeBron James akatumaliza zikiwa zimebaki sekunde nane, 101-100, na tukaenda kulala na uchungu mtamu.

Kesho yake ubishi ulikuwa juu ya mtu mmoja tu: Carlik Jones, gadi wa Sudan Kusini. Pointi 15, rebaundi 11, asisti 11. Yaani tripo-dabo, tarakimu mbili katika mambo matatu, mbele ya LeBron na wenzake. Jamaa mmoja akasema huyu sasa ni Westbrook wa Afrika. Mzee mmoja aliyekuwa anapita akasimama, akatuangalia, akasema, "Nyinyi watoto, Westbrook mwenyewe alikuwa anamfukuza Oscar Robertson." Nusu yetu tukaulizana: Oscar nani?

Nikaenda nikasoma. Na kile nilichokipata kimenifanya niangalie uwanja wetu wa hapa Isiolo kwa jicho lingine kabisa. Kaa chini nikupe hadithi.

Msimu ambao haukuwa na jina

Carlik Jones alizaliwa Cincinnati, Ohio, mwaka wa 1997. Sasa sikia hii: Oscar Robertson alicheza chuo kikuu hapo hapo Cincinnati, kisha akaingia NBA na timu ya mji huo huo, Cincinnati Royals. Huko ndiko, msimu wa 1961-62, alikopata wastani wa pointi 30.8, rebaundi 12.5 na asisti 11.4 kwa kila mechi. Hiyo siyo mechi moja ya London. Ni wastani wa mechi 79. Gadi alikuwa anapiga tripo-dabo kama mtu anayekunywa chai asubuhi.

Ungedhani dunia ilisimama. Wapi! Mchezaji bora wa msimu ule alikuwa Bill Russell. Wilt Chamberlain naye alikuwa na wastani wa pointi 50.4, kwa hivyo macho yote yalikuwa kwake. Na zaidi ya hayo, neno lenyewe "tripo-dabo" halikuwa likitumika. Lilikuja kuzoeleka karibu mwaka wa 1980, enzi za Magic Johnson, na ndipo watu wakarudi nyuma kwenye karatasi za zamani wakashtuka: kumbe kuna mse alifanya hivi msimu mzima!

Tia hiyo akilini. Karatasi zilitangulia, heshima ikaja miaka karibu 20 baadaye. Kama hakuna mtu aliyekaa kando ya uwanja na kalamu mwaka wa 1961, Oscar leo angekuwa hadithi ya wazee tu, na sisi tungesema wazee wanatia chumvi.

Westbrook dhidi ya Oscar: hesabu ya kweli

Ikapita miaka 55. Msimu wa 2016-17, Kevin Durant akiwa ameshaondoka Oklahoma City Thunder, Russell Westbrook alibaki na timu mgongoni. Akamaliza na wastani wa pointi 31.6, rebaundi 10.7, asisti 10.4. Tripo-dabo 42, moja zaidi ya zile 41 za Oscar. Wakampa tuzo ya mchezaji bora.

Kwa hivyo nani alikuwa na msimu mkali zaidi? Ukiangalia wastani tu, utabishana hadi ng'ombe warudi malishoni. Hapa ndipo takwimu za kina zinaingia. Usiogope, hesabu yake ni ya darasa la saba.

Chukua pointi zote za mchezaji. Kisha chukua mirusho yake yote ya kawaida, ongeza mitupo huru ikizidishwa kwa 0.44, halafu zidisha jumla hiyo kwa mbili. Gawanya pointi kwa hiyo namba. Jibu ni asilimia halisi ya ufungaji. Hiyo 0.44 ipo kwa sababu mitupo huru miwili kwa kawaida inakula zamu moja ya kushambulia, na mingine, kama ule wa kuongezewa baada ya kufunga ukiwa umechezewa rafu, hauli zamu mpya. Kwa lugha ya sokoni: umepewa mtaji kiasi gani, na umerudi na faida gani?

Oscar 1961-62: pointi 2,432, mirusho 1,810, mitupo huru 872. Jibu: asilimia 55.4.

Westbrook 2016-17: pointi 2,558, mirusho 1,941, mitupo huru 840. Jibu: asilimia 55.4.

Nilirudia hiyo hesabu mara tatu nikidhani simu yangu ina shida. Sawa kabisa, hadi ile desimali!

Lakini ngoja. Mwaka wa 1962 wastani wa ligi nzima ulikuwa karibu asilimia 48. Hakukuwa na mstari wa pointi tatu. NBA iliuleta msimu wa 1979-80. Mwaka wa 2017 wastani wa ligi ulikuwa karibu 55. Maana yake Westbrook alikuwa anafunga kwa ubora wa mchezaji wa kawaida wa enzi yake, ila kwa wingi wa kutisha, na Oscar alikuwa amewaacha wenzake mbali sana. Shilingi 100 ya 1962 na shilingi 100 ya 2017 siyo pesa moja. Muulize shosho yako bei ya mkate.

Kwenye rebaundi mambo yanageuka. Enzi za Oscar mchezo ulikuwa mbio: makadirio ni zamu kama 126 za kushambulia kwa kila timu kwa mechi, wakati 2016-17 zilikuwa kama 96. Watu walirusha sana na kukosa sana, kwa hivyo timu ya kawaida ilidaka rebaundi zaidi ya 70 kwa mechi. Za Oscar, 12.5, ni kama moja kati ya sita. Mwaka wa 2017 timu ilidaka karibu 44, na za Westbrook, 10.7, ni karibu moja kati ya nne. Tena Oscar alikuwa anacheza dakika 44 kati ya 48, na Westbrook karibu 35. Hapo Westbrook anashinda, hakuna ubishi.

Basi moja kwa moja: ufungaji Oscar, rebaundi Westbrook. Kuna kipimo kingine pia, kile cha zamu za timu zinazoishia mikononi mwa mchezaji akiwa uwanjani. Westbrook alifika karibu asilimia 42, rekodi ya NBA wakati huo. Ukibeba mzigo huo lazima uangushe kitu, na kweli alipoteza mpira mara 5.4 kwa mechi.

Na Oscar alipoteza mara ngapi?

Hakuna jibu. NBA ilianza kuhesabu mipira inayopotezwa na mchezaji msimu wa 1977-78. Kuiba mpira na kuzuia mirusho kulianza kuandikwa 1973-74, msimu ambao Oscar alikuwa anastaafu. Kwa hivyo nusu ya kazi yake imepotea. Hakuna programu ya kompyuta wala profesa atakayeirudisha. Kilichoandikwa tunaweza kukipima hata baada ya miaka 60. Ambacho hakikuandikwa kimekwisha.

Turudi kwa Carlik

Sasa tumpime huyu wetu. Ile tripo-dabo ya London ilikuwa tamu, lakini ni mechi moja, na mechi moja inaweza kukudanganya. Angalia Kombe la Dunia la 2023, mara ya kwanza Sudan Kusini kufika huko, nchi iliyopata uhuru 2011 na kujiunga na shirikisho la kikapu duniani, FIBA, 2013. Katika mechi tano Carlik alikuwa na wastani wa pointi 20.4 na asisti 10.4. Na hizo ni mechi za dakika 40, siyo 48 kama NBA.

Hesabu na mimi. Kwa kawaida asisti inazaa angalau pointi mbili, kwa hivyo asisti 10.4 ni kama pointi 20.8, au zaidi kama kuna za tatu ndani. Ongeza zake 20.4 unapata 41.2. Sudan Kusini ilifunga 96 dhidi ya Puerto Rico, 89 dhidi ya China, 83 dhidi ya Serbia, 87 dhidi ya Ufilipino na 101 dhidi ya Angola. Wastani ni 91.2. Maana yake, kati ya kila pointi 100 za timu, kama 45 zilipita mikononi mwa mtu mmoja, ama amefunga ama ametoa pasi. Ile ya Angola, 101-78, ndiyo iliyowapa tiketi ya Paris.

Kwa maoni yangu hiyo 45 inasema mengi kuliko tripo-dabo ya London, ingawa hakuna aliyeipigia kelele.

Na sisi je?

Binamu yangu alikuwa gadi. Mfupi, mweusi tii, mkono wa kushoto, kichwa cha hesabu. Alipomaliza kidato cha nne, kocha wa chuo kimoja alisikia habari zake akamwandikia: nitumie takwimu za msimu wako wa mwisho. Binamu alikuwa na kombe moja la plastiki na video ya sekunde 11 akimpita mtu. Hicho ndicho kilichobaki katika miaka minne ya kucheza. Kocha hakujibu tena, na kusema kweli simlaumu. Angempima kwa nini?

Wiki mbili zilizopita nilikwenda uwanjani na daftari la shilingi 20 na kalamu. Mechi ya mtaani tu. Kila mtu aliondoka akimsifu jamaa aliyefunga 24. Nikafungua daftari: alirusha mara 27 na kupata mitupo huru minne. Asilimia halisi, 42. Kulikuwa na dogo mmoja kimya, hata jina wengi hawalijui, aliyefunga 14 kwa mirusho tisa na mitupo huru miwili. Asilimia 71. Hakupoteza mpira hata mara moja. Nilipomwonyesha ile karatasi aliisoma, akairudia, kisha akaniuliza, "Naweza kuipiga picha?"

Najua mechi moja ni kidogo. Nimetoka kusema hivyo hivyo kuhusu London. Ndiyo maana zinahitajika 20, kisha 40. Tunalia kila siku kwamba maskauti hawavuki Nanyuki kuja huku, na ni kweli kilio hicho kina haki. Lakini hata wakija kesho asubuhi, tutawaonyesha nini? Midomo?

Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa pale uwanjani tena. Nimenunua daftari la pili, na nahitaji mtu wa kuandika upande wa timu ya wageni, maana macho yangu ni mawili tu. Njoo na kalamu yako.