Mshindani Aliyeshindwa: Tumkaribishe au Tumfungie Mlango?

Leo tunajiuliza swali moja: mtu aliyeteuliwa na chama kugombea urais, je, amchukue mshindani aliyeshindwa naye awe makamu wake? Wazee husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Tuone historia inasema nini.

Marekani walianza vibaya. Kwa katiba yao ya zamani, aliyeongoza kwa kura alikuwa Rais, na aliyemfuata alikuwa makamu. Hivyo katika uchaguzi wa mwaka 1796 John Adams alipata urais, na mpinzani wake Thomas Jefferson akawa makamu. Hawakuchaguana, na kila mmoja alivuta upande wake. Mwaka 1804 katiba ilirekebishwa ili makamu apigiwe kura yake mbali.

Mwaka 1960, John Kennedy alimshinda Lyndon Johnson ndani ya chama chao, kisha akamwomba awe mgombea mwenza. Wafuasi wengi wa Kennedy walikasirika. Lakini Kennedy alikuwa mtu wa kaskazini na Mkatoliki. Johnson alitoka Texas, kusini, na aliijua Seneti vizuri. Walishinda kwa tofauti ya kura zisizofika 120,000 katika nchi nzima, na Texas ikawa upande wao. Kennedy alipouawa tarehe 22 Novemba 1963, Johnson alishika urais siku ileile. Mwaka 1964 alitia sahihi sheria kubwa ya haki za raia, ambayo Kennedy alikuwa ameipeleka Bungeni.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka uleule wa 1960, sisi pia tuliwaweka washindani wawili pamoja: Joseph Kasa-Vubu akiwa Rais, Patrice Lumumba akiwa Waziri Mkuu. Sheria ya Msingi ilimpa Rais uwezo wa kumteua na kumwondoa Waziri Mkuu, lakini iliweka serikali mbele ya Bunge. Nani basi mkubwa? Tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu alitangaza kwa radio kwamba amemwondoa Lumumba. Lumumba naye akatangaza kwamba amemwondoa Kasa-Vubu. Siku tisa baadaye Kanali Mobutu aliwasimamisha wote wawili. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Mwaka 2003 tulijaribu tena: Rais Joseph Kabila na makamu wanne, wakiwemo Jean-Pierre Bemba na Azarias Ruberwa. Mpango huo ulitufikisha kwenye uchaguzi wa mwaka 2006, na hilo tulishukuru. Lakini wakubwa hao walikuwa na askari wao. Machi 2007, baada ya Bemba kushindwa katika uchaguzi, risasi zililia Kinshasa, na walioumia ni wananchi.

Tofauti iko wapi? Johnson alishindwa kwa kura, akakubali. Alijua yeye ni wa pili. Hakuwa na jeshi lake. Na wananchi waliwapigia kura wote wawili kwa pamoja, wakijua wanachopewa.

Kwa hiyo mimi nasema: ndiyo, amchukue, lakini kwa masharti matatu. Kwanza, sheria iseme wazi nani anaamuru. Pili, mapatano yao yatangazwe mbele ya watu kabla ya kura. Tatu, kila mmoja awe ameacha silaha. Bila hayo, tunagawana viti tu, na vita inangoja mlangoni.

Ndugu, Katiba yetu ya 2006 haina makamu wa Rais. Lakini gavana wa jimbo na makamu wake huchaguliwa pamoja. Hata katika ushirika na kamati ya mtaa tunachagua mkubwa na msaidizi. Siku ile mtakapomwona aliyeshindwa amekaa karibu na mshindi, msipige makofi haraka. Ulizeni kwanza: wamepatana juu ya kazi, au juu ya chakula?