Jaribio lililogoma Zürich



Mwishoni mwa 1882, Victor Meyer, profesa wa kemia pale Zürich, alikuwa akiwaonyesha wanafunzi jaribio lililojulikana vizuri. Ukichanganya benzini (ya maabara, siyo ya gari) na isatini na asidi ya salfa, hutokea rangi ya buluu. Siku hiyo rangi haikutokea ng'o!

Msaidizi wake, Traugott Sandmeyer, akamkumbusha kwamba benzini ile ilitengenezwa kutokana na asidi ya benzoiki, haikutoka kwenye lami ya makaa ya mawe kama ilivyo kawaida. Mwingine angeagiza chupa nyingine, somo likaendelea. Meyer alijiuliza: ikiwa benzini safi haitoi rangi, basi nani anayeitoa?

Mwaka 1883 akampata: tiofini, pete ya atomi 4 za kaboni na 1 ya salfa. Benzini huchemka kwenye nyuzi 80, tiofini 84. Ndiyo maana kuikeneka benzini hakukuwatenganisha, na sifa ya jirani ikaandikwa kwa jina la benzini.

Leo pete hiyo imo ndani ya klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo wazee wetu wengi wanaimeza.

Sasa nyinyi mnaofundisha: mwanafunzi akipata jibu lisilofanana na la kitabu, tunamwambia arudie mpaka lifanane. Hivi tiofini ngapi tumezimwaga kwenye karo namna hiyo?