Sidii ya Salahuddin: Historia ya Magemu ya Zamani ya Windows Ndani ya Kompyuta za Mac



  

Hapa kwetu Cibitoke, kaskazini ya mji wa Bujumbura, ziko nyumba ambazo ndani ya kabati, chini ya vitambaa vya meza na albamu za harusi, utakuta sidii ya gemu liitwalo Age of Empires II. Gemu hili lilitoka mwaka 1999. Wazazi waliolikubali walikuwa na sababu yao: lina hatua sita zinazosimulia habari za Salahuddin Al-Ayyubi (Rahimahu Allaah), na anayesimulia ni askari mpanda farasi wa upande wa Msalaba aliyeangukia mikononi mwa watu wa Salahuddin, naye mwenyewe ndiye anayeshuhudia utu wao. Waliolitengeneza ni Wamarekani wa kampuni ya Ensemble Studios. Mtoto aliyelicheza alilijua jina la Hattin kabla mwalimu wa historia hajalitaja. (Tuseme wazi: gemu si kitabu cha tarekhe, na muziki wake hatuusifii. Vita vya Hattin vilikuwa Julai 1187, Baytul Maqdis ikarudi Oktoba ya mwaka huo huo, na mengine yasomwe vitabuni kwa wanavyuoni.)

Sasa watoto wa wale waliocheza wamekua. Mjomba aliyeko Ubelgiji analeta kompyuta ya Mac, sidii inatolewa kabatini, na kompyuta inaitazama kama kitu isichokijua. Mama mmoja alituuliza: baba yao alilicheza miaka ya vita, vipi wao washindwe na kompyuta nzuri kuliko ile? Swali lake ndilo limetufanya tuandike.

Tuanze na mfano wa hapa hapa. Mtu wa Buyenzi anaongea Kiswahili, shangazi aliyetoka milimani anaongea Kirundi, na karatasi nyingi za ofisini zinaandikwa Kifaransa. Karatasi haina kosa, ila asiyeijua lugha yake anahitaji mkalimani. Prosesa ya kompyuta nayo ina lugha yake. Magemu ya Windows yaliandikwa kwa lugha ya prosesa za Intel, wakati Mac ya kwanza ya mwaka 1984 ilitumia prosesa za Motorola, na kuanzia 1994 zikaja za PowerPC, lugha nyingine tena. Na juu ya lugha kuna adabu za nyumba. Gemu halichori picha wala halitoi sauti lenyewe, bali linamwomba Windows, kama mgeni anavyomwomba mwenyeji maji ya kunywa. Likiingia katika Mac linakuta mwenyeji mwingine asiyejua maombi yake. Kwa hiyo kufuli ni mbili.

Jaribio la mwanzo lilikuwa la nguvu tu. Mwaka 1994 Apple iliuza Mac iitwayo Quadra 610 ambayo ndani yake mlipachikwa prosesa ya pili, Intel 486. Mwaka 1997 kampuni ya Connectix ikatoa programu ya Virtual PC, ambayo ni mkalimani kamili: inajifanya kompyuta ya Intel na kufasiri kila amri moja baada ya nyingine. Kwa barua na hesabu ilifaa. Kwa gemu ilikuwa mateso, kwa sababu mkalimani anayefasiri neno kwa neno hawezi kumfuata mtu anayekimbia. Microsoft iliinunua Virtual PC mwaka 2003. Wenye Mac waliotaka Age of Empires II walilazimika kununua toleo lao wenyewe, lililotolewa na MacSoft mwaka 2001. Mshike vizuri toleo hilo, tutalirudia.

Juni 2005 Steve Jobs alitangaza kuwa Mac zinahamia prosesa za Intel. Za kwanza zikatoka Januari 2006, na tarehe 5 Aprili 2006 Apple ikatoa Boot Camp, programu inayomwezesha mwenye Mac kuweka Windows nzima ndani yake na kuchagua, anapoiwasha, aingie mfumo upi. Kufuli ya lugha ikavunjika yenyewe, na ile ya adabu pia, maana mwenyeji sasa alikuwa Windows mwenyewe. Mwaka huo huo ikaja Parallels, na mwaka 2007 Fusion ya VMware, ambazo huendesha Windows ndani ya dirisha bila kuizima Mac.

Siku kumi baada ya Boot Camp, tarehe 15 Aprili 2006, hapa Burundi iliondolewa amri ya kutotembea kuanzia saa sita za usiku hadi alfajiri, amri iliyowekwa kwa mara ya kwanza mwaka 1972. Mambo haya mawili hayahusiani kabisa, lakini sisi tunayakumbuka pamoja. Vijana wa mtaa huu walikulia chini ya amri ile. Vita vilipoanza Oktoba 1993 Cibitoke iliona ya kuona, na miaka ile mzazi alimshukuru Allaah mtoto wake akiwa ndani ya nyumba baada ya Magharibi, hata kama yuko mbele ya kompyuta ya jirani akijenga kuta za mji usiokuwepo. Walioketi pamoja mbele ya kioo kile kimoja, wengine wametawanyika Ulaya na Canada, wengine wametangulia mbele ya haki. Ndiyo maana sidii hizi hazikutupwa. Anayemwambia mama kama yule kwamba ni gemu tu, hajui anachokisema.

Katika mwaka huo huo wa 1993, mbali na huku, waandishi wachache wa programu walianza kazi iliyoonekana ya wendawazimu. Hawakutaka kujifanya kompyuta nzima, wala kumleta Windows. Walitaka kujifunza adabu zake zote, ombi kwa ombi, na kuziandika upya, ili programu ya Windows ikiomba maji ipewe maji bila kujua kwamba mwenyeji amebadilika. Wakaiita Wine, na wakaitoa bure kwa watu wote, kwanza kwa ajili ya mfumo wa Linux. Toleo lao la 1.0 lilitoka Juni 2008. Miaka kumi na tano! Kampuni ya CodeWeavers, inayouza toleo lake liitwalo CrossOver, ililileta kwenye Mac Januari 2007, na marekebisho inayoyafanya huyarudisha kwa Wine ili kila mtu anufaike.

Sasa turudi kwa lile toleo la MacSoft. Liliandikwa kwa lugha ya PowerPC. Apple ilipohamia Intel iliweka mkalimani aitwaye Rosetta, na mwaka 2011 ikamwondoa. Tangu hapo toleo la Mac halifunguki katika Mac mpya, lakini sidii ya Windows ya mwaka 1999 inafunguka kwa njia ya Wine. Yaani gemu lililotengenezwa mahususi kwa Mac limekufa ndani ya Mac, na la mgeni likabaki hai! Kwa maoni yetu sababu ni kwamba Apple ni mwenye nyumba anayependa kubomoa na kujenga, na wapangaji wa zamani hawamshughulishi, wakati Wine inatunzwa na watu ambao nia yao ni hiyo hiyo ya kuyaweka hai ya zamani.

Ubomoaji haukuishia hapo. Mwaka 2019 mfumo uitwao Catalina ulikataa programu zote za biti 32, na magemu mengi ya zamani ni ya biti 32. CodeWeavers walitafuta njia ya kuzunguka, na CrossOver ya mwisho wa mwaka huo ikayafungua tena. Novemba 2020 zikaja Mac zenye prosesa ya Apple yenyewe, M1, na kwa hizo Boot Camp haipo tena. Rosetta ya pili ndiyo inayofasiri sasa, na Wine hufanya kazi yake juu ya mkalimani huyo. Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba Rosetta hii itapatikana kikamilifu hadi mfumo wa macOS 27, na baada ya hapo itabakizwa sehemu tu kwa ajili ya magemu ya zamani yasiyotunzwa tena na waliyoyatengeneza.

Vijana wametuuliza kama inafaa kushusha gemu la zamani kutoka intaneti bila kulipa, kwa kuwa haliuzwi tena. Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali ya wenyewe na haijuzu kuzivamia. Kitu kutouzwa dukani hakukifanyi kuwa hakina mwenyewe. Aliye na sidii yake halali, hiyo ndiyo aishughulikie. Na Allaah ni Mjuzi zaidi.

Hayo si ya magemu peke yake. Miaka ya 1990 kampuni ya Sakhr, iliyoanzishwa na Muhammad Ash-Sharikh wa Kuwait, ilitoa programu za Qur-aan na vitabu tisa vya Hadiyth katika sidii za Windows. Mwenye sidii za namna hiyo, za kampuni yoyote, ajue kuwa shida yake ni ile ile ya gemu la Salahuddin, na mlango wake wa kujaribu ni ule ule.

Kwa mwenye kutaka kuanza: iMac ya mwaka 2010 au 2011, inayotupwa Ulaya, kwa kazi hii ni bora kuliko mpya, kwa kuwa inapokea Boot Camp na tundu la sidii inalo. Nayo rasmi haipandi mfumo hadi Catalina. Mwenye Mac mpya anunue kisomeo cha sidii cha nje, na jambo la kwanza atoe nakala ya sidii nzima, aiweke mahali pawili. Mwezi uliopita tulifungua makasha saba ya majirani, na sidii mbili zilikuwa zimeshaanza kuchubuka upande wa juu, mwanga wa dirisha unapenya.