Si kila hitilafu ni shoti

"Shoti" tumelitohoa kutoka Kiingereza, na leo tunalitwisha kila mzigo. Mtu akirushwa na umeme, kapigwa shoti. Nyumba ikiungua, ni shoti. Taa za breki za Land Rover kuukuu zikigoma, shoti tena.

Kwa fundi umeme wa magari, neno hili lina mipaka. Shoti ni umeme kukatiza njia: waya umechubuka ndani ya chasisi, shaba imegusa chuma, mkondo unarudi kwenye betri bila kupita kwenye balbu. Dalili yake ni fyuzi kuungua ukikanyaga breki. Fyuzi ikiwa nzima na taa haziwaki, tafuta waya uliokatika au swichi ya breki iliyokufa. Zikiwaka kwa kufifia, kwangua kutu pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi.

Maradhi matatu yanastahili majina matatu: shoti, kukatika, hasi mbovu. Ukimtajia fundi ugonjwa usio wenyewe, atafumua nyaya zisizo na kosa, na anayekufuata barabarani bado hatajua kuwa unasimama.