Wavamizi wa Angani Mbele ya Wazee wa Muthara

Watazamaji wa Muthara waliikataa hotuba ya rais. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka liandikwe kuhusu filamu ya Independence Day, maana kwingineko hotuba hiyo ndiyo iliyopigiwa makofi. Rais wa Marekani anashika kipaza sauti mbele ya marubani waliochoka na kuwaambia kwamba tarehe 4 Julai haitakuwa tena sikukuu ya Wamarekani peke yao, bali ya ulimwengu wote. Huku kwetu Muthara, Tigania, katika nchi ya Meru, ukumbi ulinyamaza, kisha mzee mmoja akauliza kwa Kimeru: sisi uhuru wetu una tarehe yake, huyu anatugawia wake kwa nini?

Swali hilo niliulizwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mfasiri. Nilisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, nikigeuza Kiingereza kuwa Kimeru, na pale vijana wa soko walipozidi, kuwa Kiswahili. Filamu ilikuwa imetoka Marekani Julai 1996, mwongozaji akiwa Roland Emmerich, na ikakusanya zaidi ya dola milioni 800 duniani. Kwetu ilichelewa sana kufika. Ililetwa na magari ya miraa: yaliondoka na mzigo kuelekea Nairobi yakikimbia kana kwamba barabara inaungua, yakarudi na magazeti, betri na kanda za video. Ile yetu ilikuwa nakala ya nakala. Rangi zilikuwa zimepauka, na pembeni mwa picha paliruka mstari mweupe ambao hakuna deki iliyoweza kuuondoa.

Kibanda kilikuwa cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, benchi za mbao zisizorandwa vizuri, na jenereta nyuma ya ukuta ikinguruma hata nikalazimika kufasiri kwa kupiga kelele. Nje paliwekwa ubao mweusi wenye jina la filamu kwa chaki. Ndani wanaume walitafuna miraa ya kangeta kwa chingamu ya Big G, wakitupa vijiti miguuni. Akina mama hawakuingia mara nyingi. Siku za soko walisimama mlangoni na vikapu vyao, na ninavyokumbuka, maoni makali zaidi yalitoka pale mlangoni.

Nayataja haya kwa sababu historia ya sinema katika Afrika Mashariki iliandikwa kwanza na watu walioamini kwamba sisi hatuwezi kutazama. Mwaka wa 1935, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Leslie Notcutt na G. C. Latham walianzisha mradi wa kuwatengenezea Waafrika filamu za mafunzo. Ukaendelea hadi 1937, na gari lao la maonyesho likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini. Mwaka wa 1939 serikali ya Uingereza ikaunda kitengo chake cha filamu za makoloni. Mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika apewe picha za polepole, zisizo na ujanja wa kamera wala kurukaruka kutoka mahali hadi mahali, la sivyo atapotea. Kuna kisa kilichorudiwa mno katika vitabu vyao: wanakijiji walionyeshwa filamu ya usafi, wakaulizwa wameona nini, wakajibu wameona kuku. Kuku mwenyewe alikuwa amepita kwenye kona ya picha kwa sekunde moja tu, hata waliotengeneza filamu hawakujua yumo. Kwa miaka mingi kisa hicho kimetumiwa kama ushahidi kwamba watu hao hawakuelewa. Mimi nakiona kuwa ushahidi wa watu wanaotazama picha yote, hadi pembeni, bila kungoja kuelekezwa macho yaende wapi.

Ndivyo Muthara ilivyotazama. Mji wa Los Angeles ulipoteketea, moto ukifuata magari barabarani, mbwa anaitwa, anaruka, anaponea ndani ya upenyo wa ukuta. Mama mmoja mlangoni akasema: watu wamekwisha, mbwa amepona, na huyu aliyeitengeneza anataka tufurahi. Jengo refu lilipopasuka kutoka juu hadi chini hakuna aliyecheka. Tarehe 7 Agosti 1998 ilikuwa bado karibu, ile siku bomu lilipolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na kuua zaidi ya watu 200. Nilipofika sehemu ile nilinyamaza, wala hakuna aliyenidai tafsiri.

Lakini kipimo chao kikubwa kilikuwa uvamizi. Watengenezaji wa filamu walidhani wanawaonyesha watu jambo lisilowahi kutokea. Wazee wa Tigania walilitazama kama jambo walilolijua, na wakaanza kulipima na mengine.

La kwanza ni lile la Mbwaa, nchi ya asili katika masimulizi yetu. Kila mtoto wa Kimeru wa rika langu alisimuliwa jinsi mababu walivyoshikwa utumwani ng'ambo ya maji na watu walioitwa Nguo Ntune. Watawala hao waliwapa kazi zisizowezekana: leteni kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Wakakata ngozi ya shingo ya ng'ombe, ile inayoning'inia, wakakipata. Leteni mbwa mwenye pembe. Wakamgandisha mbwa pembe kichwani. Walipodaiwa mkuki unaofika mawinguni, wakaona huyu hatosheki, wakatoroka usiku. Msomi Jeffrey Fadiman aliyakusanya masimulizi haya kwa wazee na kuyachapisha katika kitabu mwaka wa 1993, lakini waliokuwa kibandani hawakuhitaji kitabu. Mwigizaji Jeff Goldblum alipopanda na kompyuta yake hadi ndani ya chombo kikuu cha maadui na kukitia virusi, wakosoaji wa Ulaya na Marekani walicheka: kompyuta ya mtu wa duniani itazungumzaje na mashine ya sayari nyingine? Muthara hawakucheka hata kidogo. Mwenye nguvu hashindwi kwa nguvu, anapelekewa mbwa mwenye pembe. Kwao hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa ya kweli kuliko zote.

La pili ni 1908. Mwaka huo Edward Butler Horne, ambaye watu wetu walimwita Kangangi, alifika Meru kuweka kituo cha serikali. Waembu walikuwa wameshambuliwa na jeshi la Waingereza mwaka wa 1906, habari zikapanda mlima, na wazee wa Meru wakaamua kutopigana. Huu ni uamuzi ambao mpaka leo unabishaniwa. Basi chombo cha angani kiliposimama juu ya mji na Wamarekani wakapanda juu ya maghorofa na mabango kukikaribisha, kibanda kiligawanyika. Wapo waliowaita wapumbavu. Mzee mwingine, ambaye baba yake aliwahi kumwona Kangangi kwa macho, alisema hapana, ungekuwa wewe ungefanya nini kabla hujajua amekuja na nini? Kisha likaja lile tukio la rais kumuuliza mateka, yule kiumbe wa angani, mnataka tufanye nini, naye akajibu kwamba mfe. Nililifasiri neno hilo moja. Yule mzee akasema: huyu angalau amesema siku ile ile.

Nimesoma baadaye kwamba H. G. Wells, aliyeandika The War of the Worlds mwaka wa 1898, alikuwa na fikra kama hiyo. Katika sura yake ya kwanza anawakumbusha Waingereza maangamizi ya watu wa Tasmania, kisha anawauliza kama wana haki ya kulalamika watu wa Mars wakiwatendea vivyo hivyo. Kwa hiyo hadithi hizi zote za uvamizi kutoka angani zina ukoloni katika mizizi yake. Wells aliwaua wavamizi wake kwa vijidudu, na virusi vya Emmerich ni wajukuu wa vijidudu hivyo. Huku kwetu maradhi yalikwenda upande mwingine: sotoka iliyomaliza ng'ombe katika miaka ya 1890, na homa ya mafua ya 1918.

La tatu sikulifikiria kabisa mpaka nilipoambiwa. Kulikuwa na mzee aliyekaa benchi ya mwisho, mtu wa msituni, mpiganaji wa Mau Mau. Tigania ndiko alikotoka Musa Mwariama, kiongozi wa Mau Mau ambaye hakuuawa wala kukamatwa, na aliyetoka msituni Desemba 1963 bendera ikiwa imeshapanda, akapokewa na Jomo Kenyatta. Alifariki 1989. Mzee wetu hakuwa na cheo kama hicho. Kati ya 1953 na 1955 ndege za Lincoln za jeshi la anga la Uingereza zilimwaga mabomu kwenye misitu ya Mlima Kenya na Aberdare, naye alikuwa chini yake. Baada ya filamu alinishika mkono, akaniambia: kijana wangu, hiyo sauti siyo. Kabla ya bomu husikii ngurumo, unasikia nyani wakinyamaza. Nami nikabaki nimesimama na fimbo yangu. Sisi vijana tulikuwa tumewashangilia marubani filamu nzima, na mzee huyu alikuwa akiitazama kutoka chini, upande wa wanaodondoshewa. Alimsifu mtu mmoja tu, Russell Casse, yule mlevi anayedharauliwa na watu wote, ambaye mwishowe anaiingiza ndege yake mdomoni mwa adui ili watoto wake waishi. Alisema watu wa namna hiyo aliwajua.

Mwishoni, ushindi ukitangazwa duniani, Waafrika wanaonekana kwa sekunde chache wakishangilia na mikuki. Vijana walicheka. Wazee waliniomba nirudishe kanda nyuma waone tena. Tumekuja kushangilia tu? Hata mmoja wetu hakupigana? Nimezisoma makala nyingi kuhusu filamu hii, na swali hilo sijaliona likiulizwa kwa uzito uliosikika ndani ya kile kibanda cha mabati.

Vibanda vingi sasa vimefungwa. Kazi yangu ya fimbo ilichukuliwa na DJ Afro na wenzake, waliotia sauti zao za Kiswahili na Sheng ndani ya filamu yenyewe, kama Lufufu alivyofanya Dar es Salaam na akina VJ Jingo Kampala. Ni wasanii wakubwa na sina kinyongo nao. Ila mfasiri aliyerekodiwa haulizwi swali, na mzee wa benchi ya nyuma hawezi kumshika mkono.

Ile filamu ya pili, Independence Day: Resurgence, ilitoka 2016 na vijana wa bodaboda waliiona kwenye simu, kituoni, wakingoja abiria. Wengi hawakuipenda, na wala sishangai. Lakini mna humo mtu aitwaye Dikembe Umbutu, ambaye watu wake waliachwa na chombo kimoja cha maadui ardhini mwao Afrika, wakapigana nao kwa miguu, kwa panga, miaka mingi baada ya dunia nyingine kusherehekea. Filamu inalitaja hilo kwa maneno machache na kupita. Vijana walilidaka papo hapo. Mmoja aliizima simu, akaiweka mfukoni, akasema hizo dakika mbili ndizo zilizopaswa kuwa filamu, na hao Wamarekani na ndege zao ndio waliopaswa kuja mwishoni kushangilia. Wenzake wakaanza kubishana nani angepigana wapi: Nyambene kwenye miteremko, au kule chini Mlima Kenya ambako kuna maji na mianzi. Niliwauliza kama wanajua ni nani aliyewahi kujificha humo na ndege zikipita juu. Wawili walijua. Abiria akaja, ubishi ukahamia barabarani.