Kazi ya Shuruti na Sheria za Vita katika Ukanda wa Mkonge wa Kingolwira

Kingolwira, iliyoko mashariki ya mji wa Morogoro kando ya reli ya kati, ni mahali padogo ambapo historia kubwa ya vita na uhuru wa mtu inaonekana wazi. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na katika tambarare iliyo chini ya milima ya Uluguru yakaenea mashamba makubwa ya mkonge, kuanzia Ngerengere hadi pembezoni mwa mji. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza ilianzisha Kingolwira gereza la kilimo lisilo na ukuta, lililokusudiwa hasa wafungwa waliotiwa hatiani kwa mara ya kwanza. Shamba na gereza vikawa majirani, na vita vilipokuja, tofauti kati ya kibarua na mfungwa ilipungua kuliko ilivyokuwa imekubaliwa wakati wa amani. Jambo hilo halikutokea kwa sababu sheria ilikuwa imevunjwa, bali kwa sababu sheria yenyewe ilikuwa imeacha mlango ambao watawala wangeweza kuupitia mara tu vita vitakapotangazwa.

Haki za raia, yaani zile haki ambazo mtu huwa nazo mbele ya dola, kama vile kwenda atakako, kuchagua kazi, kutoa maoni na kutowekwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani, zilikuwa finyu sana katika nchi iliyotawaliwa na wageni. Hata hivyo, Waluguru, wenyeji wa milima ya Uluguru, walikuwa na uhuru mmoja uliokuwa na uzito mkubwa katika maisha yao, nao ni ule wa kuyakataa mashamba ya mkonge. Walilima miteremko ya milima katika ardhi ya koo zao, ambazo urithi wake hufuata upande wa mama, na kwa kuwa waliweza kuuza chakula mjini na kupata fedha za kodi, wengi wao hawakulazimika kushuka bondeni kukata mkonge. Ndiyo maana wenye mashamba walitegemea sana manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mikoa ya mbali na kutambuliwa shambani kwa namba badala ya majina yao.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilionyesha jinsi uhuru wa namna hiyo ulivyokuwa bila ulinzi. Mwaka 1914 Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, aliihama Dar es Salaam na kuweka makao yake Morogoro, na kwa miaka miwili eneo hilo lililisha jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck na kulibebea mizigo. Majeshi ya upande wa Waingereza yaliyoongozwa na Jan Smuts yalipoingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, Wajerumani walirudi nyuma kusini kupitia pande zote mbili za milima ya Uluguru hadi Kisaki, na vijiji vilivyokuwa vimetoa wapagazi na nafaka kwa mtawala mmoja vikadaiwa vivyo hivyo na mwingine. Kwa kuwa ndorobo waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa mizigo, risasi na chakula vilibebwa na watu, ambao mara nyingi walikamatwa kwa nguvu katika vijiji vyao. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi zaidi kwa magonjwa na utapiamlo kuliko kwa risasi, na kumbukumbu ya kikosi chao imebaki katika jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam ambako wapagazi wa jeshi la Waingereza walikuwa na kambi yao.

Baada ya vita hivyo dunia ilijaribu kuweka mipaka. Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na hati ya udhamini ya mwaka 1922 ilikataza kazi ya shuruti, yaani kazi ambayo mtu hulazimishwa kuifanya kwa kitisho cha adhabu, isipokuwa kwa shughuli muhimu za umma na kwa malipo ya kutosha. Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba wa Kazi ya Shuruti, ambao Uingereza iliuridhia mwaka uliofuata, na mkataba huo ulikataza waziwazi kumlazimisha mtu afanye kazi kwa faida ya mtu binafsi au kampuni. Lakini mkataba huohuo ulieleza kwamba kazi inayodaiwa wakati wa dharura, ikiwamo vita, haihesabiwi kuwa kazi ya shuruti. Kwa maneno machache yaliyoandikwa wakati wa amani, kazi ileile iliweza kuwa haramu leo na halali kesho, ilimradi serikali iwe vitani.

Siku hiyo ilifika Septemba 1939, Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza. Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha mwezi uliotangulia sheria ya mamlaka ya dharura, ambayo ilipanuliwa hadi katika makoloni na kuwawezesha magavana kutunga kanuni za ulinzi, yaani amri zenye nguvu ya sheria. Walowezi wa Kijerumani walikamatwa na mali zao zikawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Kwa Waafrika, kanuni hizo zilifungua njia ya kuandikishwa kwa lazima jeshini na kazini. Shinikizo liliongezeka mwanzoni mwa mwaka 1942, wakati Japani ilipoziteka Ufilipino na Java, ambazo zilikuwa vyanzo vikuu vya nyuzi za kamba. Mkonge wa Afrika Mashariki ukawa mali ya vita, serikali ya Uingereza ikaununua kwa bei iliyoipanga yenyewe, na vibarua waliolazimishwa wakapelekwa katika mashamba yaliyokuwa mali ya watu binafsi. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 80,000 waliandikishwa kwa lazima kufanya kazi za kiraia Tanganyika katika miaka ya vita hivyo, idadi inayokaribiana na ya wale walioingia jeshini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alfajiri mkataji aliingia katika safu za mkonge akiwa na kisu, akakata majani ya chini huku akijihadhari na miiba ya ncha, akayafunga katika mafungu yenye idadi maalumu na kuyabeba begani hadi kwenye reli nyembamba ya shamba, ambako yalipakiwa kwenda kwenye korona, yaani mashine inayoparuza jani na kuacha nyuzi. Asipotimiza idadi ya mafungu aliyopangiwa, siku hiyo haikuandikwa katika kipande, ambacho ni kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na siku isiyoandikwa haikulipwa. Kibarua wa hiari aliyechoshwa na hesabu hiyo aliweza kumaliza kipande na kuondoka, au kutorudi tena msimu uliofuata. Aliyeletwa kwa amri hakuwa na njia hiyo, kwa kuwa kutoroka kwake kulikuwa kosa la jinai, na adhabu yake iliweza kuwa kifungo.

Waswahili husema vita havina macho, lakini shuruti ya kazi ilikuwa na macho makali. Kila wilaya iliyotakiwa kutoa watu ilipangiwa idadi, na kazi ya kuwateua ikaangukia kwa watemi na majumbe waliowekwa na serikali, ambao hawakuwagusa upesi jamaa zao wala matajiri wa vijiji. Maskini, kijana asiye na mtetezi na mtu aliyegombana na jumbe ndio waliopelekwa kwanza. Nchi nyingine nazo zilikuwa zikiwanyima watu uhuru kwa jina la vita: Marekani iliwaweka kambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, na Uingereza iliwazuia raia wake bila ya kuwafikisha mahakamani. Tofauti ni kwamba mwaka 1941 kesi ya Liversidge, mmoja wa waliozuiwa hivyo, ilifika mbele ya majaji wakuu wa London, na mmoja wa majaji hao, Lord Atkin, ingawa alishindwa kwa kura, aliandika hukumu ya kupinga ambayo wanasheria wanaisoma mpaka leo. Kibarua aliyelazimishwa hakuwa na wakili, mbunge wala gazeti lake, na upinzani wake ulikuwa kutoroka.

Amani iliporudi shuruti ya mkonge ilikomeshwa, lakini mazoea ya kutawala kwa kulazimisha hayakukoma. Mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, ilitungwa sheria ya kuwaondoa mijini watu walioitwa wasiotakiwa, na sheria hiyo ilidumu baada ya vita. Katika milima ya Uluguru, mpango ulioanza mwaka 1950 wa kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo ulizua ghasia Matombo mwaka 1955, hata ukaachwa. Serikali ya uhuru nayo ilirithi sheria ya mwaka 1921 ya kuwahamisha watu kwa amri, ikaongeza sheria ya kuweka watu kizuizini ya mwaka 1962, na mwaka 1983 ikapitisha sheria ya nguvu kazi, ambayo kwayo watu wasio na ajira walikamatwa mijini na kupelekwa mashambani. Hati ya haki iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mwaka 1992 Tume ya Jaji Nyalali ikazitaja sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa kwa sababu zilikandamiza haki hizo.

Katiba ya sasa ya Tanzania inakataza kazi ya shuruti katika ibara ya 25, lakini, kama mkataba wa 1930, inaruhusu kazi inayolazimu kufanywa wakati wa hali ya hatari au baa. Ulinzi mpya umo katika ibara ya 32, ambayo inadai tangazo la Rais la hali ya hatari lipelekwe bungeni na liungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge, na kwamba lisidumu bila kikomo. Mpaka huo ni wa thamani kubwa, kwa sababu unailazimisha serikali kutoa hoja hadharani. Hata hivyo, historia ya ukanda wa mkonge inadai maswali mawili zaidi kila mara dharura inapotajwa, nayo ni nani atakayefaidika na kazi ya anayelazimishwa, na nani mwenye mamlaka ya kumteua. Taifa lenye vita linaweza kuwa na haki ya kudai jasho la watu wake, lakini likilidai kwa faida ya mwenye shamba, na kwa kuwachagua wasio na mtetezi, halijitetei tena, bali linawadhulumu raia wake kwa kisingizio cha adui.