Nani Anamchagua Bosi? Historia ya adui mkuu katika michezo ya video na simu

Juma hili tunaangalia jambo linaloonekana dogo, ilhali linakula muda na fedha katika nyumba nyingi: je, mchezaji wa michezo ya simu huamuaje bosi wa kupambana naye?

Katika lugha ya wachezaji, bosi si mwajiri. Ni adui mkuu, mwenye nguvu kuwashinda maadui wengine, anayengoja mwishoni mwa hatua. Katika michezo ya mwanzo, mchezaji hakuwa na hiari. Mchezo wa Phoenix wa mwaka 1980, kwa mfano, ulimtaka ayashinde kwanza makundi ya ndege wa angani ndipo akutane na chombo kikubwa cha adui. Njia ilikuwa moja tu.

Mageuzi yalikuja Desemba 1987, pale kampuni ya Capcom ya Japani ilipotoa Rockman, mchezo unaojulikana nje ya nchi hiyo kwa jina la Mega Man. Mchezaji alionyeshwa maroboti sita, akaachiwa aanze na amtakaye. Lakini uhuru huo ulidai maarifa. Aliyemshinda roboti alitwaa silaha yake, na kila silaha ilikuwa na roboti mwingine iliyemwelemea. Mkasi wa Cut Man ulimwangusha Elec Man. Umeme wa Elec Man ulimshinda Ice Man. Barafu ya Ice Man ilimzima Fire Man. Ndiyo kanuni ya mchezo wa watoto wa jiwe, karatasi na mkasi. Hivyo mchezaji hakujiuliza tu ni nani aliye dhaifu, bali ushindi upi utamfungulia ushindi unaofuata. Mcheza bao anaielewa vyema hesabu hiyo.

Robo karne baadaye, bosi alihamia kiganjani. Februari 2012, kampuni ya GungHo, pia ya Japani, ilitoa mchezo wa simu wa Puzzle & Dragons. Kanuni ya udhaifu ilibaki: maji hushinda moto, moto hushinda miti, na miti hushinda maji. Kipya kilikuwa stamina. Kila pambano lilipunguza akiba ya stamina, nayo ilirudi polepole kadiri muda ulivyopita. Asiyeweza kusubiri aliweza kuijaza kwa malipo. Mapambano mengine yalifunguliwa kwa siku au saa maalumu tu. Sasa mchezaji alipima pia iwapo zawadi ya bosi huyu inastahili kungojwa.

Juni 2017, kampuni ya Niantic ya Marekani iliongeza kipimo cha tatu, yaani mahali. Katika Pokémon GO, bosi alitokea katika eneo halisi mtaani kwa muda mfupi, na wale wenye nguvu zaidi walihitaji kundi la watu. Pambano moja liliruhusu hadi wachezaji 20. Mkazi wa jiji kubwa alipata wenzake kwa urahisi; mkazi wa kijijini alimtazama bosi huyo huyo akiondoka bila kuguswa.

Aprili 2020, wakati wa janga la korona, Niantic ilianzisha pasi za kupambana kutoka mbali. Wanaoishi pembezoni na wenye ulemavu wakapata mlango. Aprili 2023, kampuni ilipandisha bei ya pasi moja kutoka sarafu 100 za mchezo hadi 195, na kuweka kikomo cha pasi tano kwa siku kwa kawaida. Ilieleza kuwa pasi hizo zimeutawala mchezo kuliko ilivyokusudiwa. Wachezaji wengi walilalamika kwamba mlango umefungwa tena.

Hapo ndipo penye funzo, msikilizaji. Mwaka 1987, aliyenunua kaseti alikuwa amemaliza kulipa. Akikosea katika kuchagua, alipoteza pambano na kuanza upya. Katika simu, uamuzi huo huo hupitia saa iliyopangwa, mahali palipopangwa na bei inayoweza kubadilika. Mchezaji bado anachagua, lakini anachagua katika sinia aliyoandaliwa na muuzaji.

Basi mzazi anayemwona mwanawe ameinamia simu asiishie kumuuliza anacheza nini. Amuulize pia: kwa nini bosi huyu, na kwa nini sasa? Kijana akijibu kwa hoja, huyo anacheza. Akijibu kwamba muda wa bosi unakaribia kwisha, pengine ni yeye anayechezwa.

Hadi hapo makala yetu inafikia tamati.